Mapitio ya huduma: Mtoto anaposikilizwa katika ofisi ya ustawi wa jamii

Huduma ninayoipitia hapa haina matangazo wala bei. Ni ile ya kusikiliza maoni ya mtoto pale wazazi wake wanapotengana na kushindwa kukubaliana ataishi na nani, nayo hutolewa na maafisa ustawi wa jamii walioko katika halmashauri zetu hapa Tanzania. Wengi wanaoifikia hawakuichagua; wamefikishwa hapo na ndoa iliyovunjika, ugomvi wa matunzo au barua ya mahakama, na wakishatoka hawapendi kuizungumzia. Ndiyo maana ni nadra kukuta mtu ameiandikia tathmini, ilhali kila siku tunasoma tathmini za hoteli, saluni na kampuni za mabasi. Mimi naona inastahili kupimwa kwa makini kuliko hizo zote, kwa sababu mteja wake ni mtoto, na kinachoamuliwa ni mahali atakapolala, shule atakayosoma na ndugu atakaokua nao.

Niliifahamu nikiwasindikiza watoto wa dada yangu: binti aliyekuwa na miaka 11, akisoma darasa la tano, na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Mimi ni mama yao mdogo, kwa hiyo nilikuwa upande wa mama, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuendelea. Ofisi yenyewe iko katika manispaa moja ya Dar es Salaam na sitaitaja, kwa kuwa yale niliyoyaona huko, mazuri na mabaya, nimeyasikia pia kutoka kwa wazazi waliohudumiwa kwingine.

Sheria katika jambo hili haina utata. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na mtazamo wake haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake, na kinakataza mtu yeyote kumnyima haki hiyo. Sheria hiyo hiyo, inapoeleza mambo ambayo mahakama itayazingatia katika kuamua mtoto akae na nani, inataja maoni ya mtoto ikiwa ameyatoa kwa uhuru, umuhimu wa kutowatenganisha ndugu, na haja ya malezi yasiyokatizwakatizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imetangulia, kwani kifungu chake cha 125 kinaitaka mahakama izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kuweza kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii wanayotoka wahusika. Tena kinachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Juu ya hizo kuna ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inayotaka mtoto asikilizwe katika shauri lolote la kimahakama au la kiutawala linalomhusu na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kwa hiyo afisa anapomwita mtoto na kumuuliza hamfanyii hisani. Anatekeleza wajibu wake, nasi tuna haki ya kuuliza ameutekeleza vipi.

Mara ya kwanza ulitekelezwa vibaya. Baada ya kukabidhi barua ya serikali ya mtaa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tuliingizwa sote katika chumba kimoja: baba yao na kaka yake, dada yangu na mimi, na watoto wawili katikati yetu kwenye benchi la mbao. Kwenye meza ya pili afisa mwingine alikuwa akiwahudumia wazee waliofuata barua za msamaha wa matibabu, na mlango ulikuwa wazi. Afisa aliyetupokea aliwasikiliza wazazi kwa muda mrefu, kwa upole na bila kumkata mtu kauli, jambo ambalo namsifu kwalo. Kisha akamgeukia binti akamwambia, "Haya mwanangu, sema bila kuogopa, unataka kukaa na baba au na mama?" Binti alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akaanza kukunja na kukunjua pindo la sketi yake ya shule, akasema kwa sauti ndogo, "Popote." Mdogo wake hakuulizwa kitu. Katika jalada iliandikwa kwamba mtoto hana pingamizi la kukaa na mzazi yeyote.

Sentensi ile ya jaladani ndiyo iliyonisukuma kuandika haya. Mtoto aliyelelewa katika jamii yetu amefundishwa kuamkia, kutulia wakubwa wanapozungumza na kutoingilia maneno yao. Kumtaka ghafla, mbele ya wazazi wote wawili na mbele ya watu asiowajua, amtaje mmoja na kumwacha mwingine, ni kumtaka amkane mzazi wake hadharani. Alichofanya ni kujinasua, na alijinasua kwa heshima. Afisa akaliandika jibu lile kama maoni, na kuanzia hapo kila aliyelifungua jalada angeamini kwamba mtoto alikwishasikilizwa na kwamba hakuwa na la kusema. Huo ni udhuru wa hatari kuliko kutomuuliza kabisa, maana mtoto ambaye hakuulizwa bado anaweza kuombewa nafasi, lakini aliyeandikiwa kwamba aliulizwa na hana neno, mlango wake umefungwa kwa muhuri.

Wapo wanaodai kila suala hili linapoibuka kwamba haki ya mtoto kusema inapingana na malezi ya adabu. Sikubaliani nao hata kidogo. Binti yule ana adabu, na alikuwa na mengi ya kusema, tena ya maana, kama yalivyodhihirika baadaye. Kilichomziba mdomo siku ile ni swali alilopewa na mahali alipopewa. Swali lenyewe lilikuwa la watu wazima, kwa kuwa sisi ndio tuliotaka kujua nani kashinda. Yeye alikuwa akiwaza mambo mengine kabisa.

Shauri lilipofika Mahakama ya Watoto, hakimu aliagiza ofisi ya ustawi ichunguze hali ya familia na kuwasilisha taarifa. Kazi hiyo ilipewa afisa mwingine wa ofisi ile ile, mama wa makamo, na kwake yeye niliona huduma hii inavyotakiwa kuwa. Kwanza alituomba watu wazima wote tusubiri nje, mimi nikiwemo. Niliyoyajua ya ndani niliyajua kwa sababu binti mwenyewe alipenda kunisimulia. Afisa alitoa kiti chake nyuma ya meza akaketi kando ya watoto. Kabla ya kuuliza lolote alijitambulisha, akaeleza kazi yake ni nini, nani atayasoma atakayoyaandika, na kwamba anayeamua ni hakimu. Alimwambia binti kuwa maneno yake yana uzito lakini si yeye anayebeba uamuzi, kwa hiyo litokee litakalotokea, hakuna mzazi atakayekuwa na haki ya kumlaumu. Akaongeza kuwa ipo ruhusa ya kutojibu swali asilolipenda. Hilo la mwisho limo katika Maoni ya Jumla Na. 12 yaliyotolewa mwaka 2009 na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto: kutoa maoni ni haki ya mtoto wala si wajibu wake, na mwenye haki anaweza kuchagua kutoitumia.

Hakuuliza hata mara moja nani anapendwa zaidi. Aliuliza siku ya shule inakwendaje tangu kuamka, nani husaidia kazi za nyumbani za shule, wanalala chumba gani na nani, mmoja akiumwa usiku humwamsha nani, kitu gani kimebadilika tangu baba na mama walipoacha kuishi pamoja, na kama wangeweza kuwaomba wakubwa jambo lolote wangeomba lipi. Yule mdogo alipewa karatasi na kalamu za rangi. Alichora kitanda kimoja chenye watu wawili, na alipoulizwa ni akina nani akajibu kwamba ni yeye na dada, na kwamba dada ndiye huwasha taa akiota vibaya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Kamati iliyaasa mataifa yasiweke umri wa chini wa kumsikiliza mtoto. Mtoto wa miaka 5 hawezi kujadili amri ya mahakama, lakini anajua vizuri sana nani humwashia taa, na habari hiyo ina thamani katika shauri kama hili kuliko hotuba nyingi za mashahidi.

Binti naye alitoa maombi matatu. La kwanza, asitenganishwe na mdogo wake. La pili, abaki katika shule yake, walipo rafiki zake na mwalimu wa hisabati aliyekuwa ameanza kumfanya alipende somo hilo. La tatu ni kwamba akitoka kwa mzazi mmoja asihojiwe na yule mwingine: nani alikuja nyumbani, kumenunuliwa nini, baba amesema nini juu ya mama, mama anazungumza na nani kwenye simu. Alisema akirudi huulizwa maswali mpaka hutamani asingekwenda. Katika vikao vyote vya ukoo na vya usuluhishi, ambavyo vilikuwa vingi na virefu, hakuna mtu mzima aliyekuwa ameligusa jambo hilo la tatu, ingawa lilikuwa likimtafuna mtoto kila wiki. Mwishoni afisa alimsomea alichokiandika na kumuuliza kama ndivyo alivyosema. Binti alisahihisha mahali pamoja: iliandikwa kwamba anapenda kwenda kwa baba yake Jumapili, naye akasema ni Jumamosi, kwa sababu Jumapili hufua sare zake. Afisa akafuta, akaandika upya mbele yake.

Taarifa iliyokwenda mahakamani haikudai kwamba mtoto "anamtaka" fulani. Ilieleza maisha ya watoto wale kwa maneno yao, kisha ikayaweka maombi ya binti mbele ya hakimu kama yalivyo. Tazama jinsi yalivyoangukia mle mle ambamo sheria inatazama: mdogo alikuwa chini ya miaka 7, umri ambao Sheria ya Ndoa inampendekeza mama, na dada yake hakutaka waachane, jambo ambalo Sheria ya Mtoto inalitaja waziwazi. Mahakama iliamua watoto wote wawili wakae na mama yao, waende kwa baba Jumamosi na sehemu ya likizo, na baba aendelee kutoa matunzo. Wazazi walionywa wasiwafanye watoto wapelelezi wa nyumba ya mwenzao. Ombi la shule halikukubaliwa, kwa kuwa dada yangu alikuwa amehamia upande mwingine wa jiji, na binti angelazimika kupanda daladala mbili kabla ya mapambazuko. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki. Kupewa uzito hakumaanishi kukubaliwa kila neno, na mtu mzima anayeogopa kumsikiliza mtoto eti kwa sababu itabidi amtii, hajaielewa haki hii.

Baada ya hapo huduma ilikatika ghafla, na hapa ndipo ninapoikosoa kwa nguvu zaidi. Wazazi walipewa nakala ya amri. Mawakili walijulishwa. Mtoto aliyeeleza mambo yote yale hakuambiwa neno na ofisi iliyomwita, na wazazi wake, kila mmoja kwa uchungu wake, walidhani mwenzake amemweleza. Alijua kwamba anahama shule siku dada yangu alipomchukua kwenda kupimwa sare mpya kwa fundi. Aliniambia jioni ile, bila kulia, "Mama mdogo, kumbe walikuwa wananiuliza tu." Alikuwa amekosea, kwa sababu maombi yake mawili kati ya matatu yalikuwa yamekubaliwa na lile la shule lilikuwa limepimwa kwa uzito, lakini angelijuaje? Kamati imeandika bayana katika yale Maoni ya Jumla kwamba mtoto aliyesikilizwa aelezwe matokeo na namna maoni yake yalivyozingatiwa. Hiyo ni hatua ya huduma yenyewe sawasawa na kumfungulia mlango na kumpa kiti. Ikikosekana, mtoto hujifunza kwamba kusema hakuna faida, na siku atakapokuwa na jambo zito zaidi la kueleza, pengine la kuumizwa mwilini, atalinyamazia.

Niliandika barua kwa ofisi ile nikiomba watoto waelezwe. Namshukuru yule afisa kwamba hakuona nimemvunjia heshima. Aliwaita na kukaa nao kwa muda usiozidi ule ambao mtu hutumia kusubiri risiti benki. Alimweleza binti kwamba hakimu aliisoma taarifa, akamtajia yaliyokubaliwa, na kwa lile la shule akamweleza habari ya daladala na giza la alfajiri. Binti aliuliza kama amri ile ni ya milele. Akajibiwa kwamba mahakama inaweza kuibadilisha hali ikibadilika, na kwamba akiona inamuumiza aje aseme. Akauliza pia itakuwaje Jumamosi ikiwa na masomo ya ziada, akaambiwa awaeleze wazazi wote wawili mapema, na wao wapange siku mbadala. Aliondoka akiwa na majibu, na tangu hapo sijamsikia akisema kwamba waliuliza tu.

Kuhusu mazingira ya ofisi sina mengi. Huduma ni ya bure na hakuna aliyetuomba chochote. Hakuna chumba maalumu cha kuzungumza na watoto. Yule afisa wa pili alisubiri wenzake waende kula ndipo akapata faragha, na hilo ni suala la bajeti ya halmashauri kuliko la utashi wake. Lipo sanduku la maoni, lakini fomu yake inaanza kwa kudai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo kwa kawaida mtu huipata akitimiza miaka 18. Mtoto aliyehudumiwa vibaya katika ofisi ya watoto hana njia ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe. Anayetaka kusema na mtu wa nje ya ofisi anaweza kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo ni ya bure, ila nayo haikubandikwa mahali popote tulipokaa.

Tunapenda kuwapa watoto kipaza sauti siku ya tarehe 16 Juni. Kila mwaka katika Siku ya Mtoto wa Afrika wanasoma risala na kughani mashairi, na wakubwa tunapiga makofi. Siku hiyo inawakumbuka wanafunzi wa Soweto walioandamana mwaka 1976 kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, yaani watoto waliokataa jambo kubwa la maisha yao kuamuliwa bila wao, na wengi wakauawa kwa ajili ya hilo. Kwa heshima ya waliokufa, ningependa kuona ofisi kama hii ikipewa chumba chenye mlango unaofungwa, hata kama itabidi sherehe ya mwaka mmoja iwe ya gharama ndogo.

Kwa kipimo cha nyota tano natoa tatu. Zote tatu ni za yule mama wa makamo na namna alivyouliza. Kama ningepima siku ya kwanza peke yake, nisingetoa hata moja. Tofauti kati ya maafisa wawili wa ofisi moja isingepaswa kuwa kubwa kiasi hicho, na inaonyesha kwamba ubora wa huduma hii kwa sasa unategemea mtoto ameangukia mikononi mwa nani. Mafunzo ya namna ya kuzungumza na mtoto yangewafaa maafisa wote wanaoshika majalada haya, pamoja na wazee wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambako migogoro mingi hupita kabla ya kufika mahakamani na ambako watoto wetu hawakuitwa kabisa.

Kwa familia itakayofika huko, nashauri yafuatayo. Msimfundishe mtoto la kusema njiani; maafisa wazoefu hulitambua, na sheria yenyewe inatafuta maoni aliyoyatoa kwa uhuru. Mwambieni anakokwenda, atakutana na nani, na kwamba hatagombezwa kwa lolote. Kama afisa ataanza kumuuliza mbele ya wazazi wote, ombeni kwa adabu asikilizwe kando, na kama jibu la kwanza limeandikwa katika mazingira yasiyofaa, ombeni asikilizwe upya kabla taarifa haijaandikwa, kisha asirudiwe tena na tena bila sababu, kwani kuhojiwa kupita kiasi nako kunamchosha na kumtisha. Ombeni pia kwa maandishi atajwe mtu atakayemweleza mtoto uamuzi utakapotoka, na ombi hilo lifanyike siku mnapofungua jalada, kwa maana hukumu ikishasomwa kila mtu hushughulika na wazazi.